Nani Aliuhamisha Waya wa Bodi?

Mpendwa Talaso, uliyekuwa mchumba wangu,

Barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu sijui uliko. Naambiwa unazunguka kaskazini ukitengeneza injini za visima, leo Garba Tula, kesho mbali zaidi, na kwamba barua za bahasha hukufikia baada ya kupita mikono mingi. Mikono mingi siiamini. Heri neno lisomwe na watu wote kuliko lisomwe na mmoja kwa siri, kisha bahasha ifungwe upya kwa gundi. Basi aliye karibu na kisima ambacho fundi wake ni mwanamke mrefu asiyecheka upesi, namwomba amsomee, wala asiongeze neno lake.

Ninalotaka kulijua ni moja. Siku moja kabla ya wazee wangu kuja kwenu kuposa, mtu fulani aliufungua waya wa bodi wa amplifaya iliyokuwa katika pikapu ya baba yangu, akauhamishia mahali pengine, akaukaza vizuri, akaenda zake. Kwa tendo hilo posa yangu ilirudi. Miaka miwili sasa nimewashuku watu wengi, na kila nikimaliza kuwazunguka najikuta nimesimama mbele yako.

Ukumbuke tulivyokutana, maana hata siku ile kilichotuleta pamoja kilikuwa shaka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu, na pamoja nayo nilileta nyumbani tabia ya kutoamini kitu kilichochapishwa mpaka kijitetee. Baba yangu alikuwa amekubali kwamba pikapu yake, ile ya rangi ya maziwa iliyobeba ngozi siku za kazi na maharusi mwisho wa juma, itiwe muziki wenye besi. Vijana wa mtaa wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, walishaanza kusema kuwa harusi isiyotikisa kioo cha dirisha ni kikao cha kamati. Kwa hiyo nilisimama katika duka la redio karibu na soko, na mwenye duka akaniwekea mezani amplifaya inayong'aa kama sufuria mpya.

"Hii ni wati elfu moja, profesa," akasema. "Ukiiwasha hapa, watu wa Gotu wanatoka nje kuangalia kama mvua imekuja."

Wewe ulikuwa pembeni ukinunua risasi ya kulehemu. Hukugeuka hata kichwa. Ulisema tu, "Fyuzi yake ni ya ngapi?"

"Dada, mimi nauza muziki. Fyuzi nenda kwa mtu wa fyuzi."

"Igeuze tuone."

Tukaigeuza. Fyuzi ilikuwa ya ampia ishirini. Nikapiga hesabu kwa sauti, kwani sikuwahi kujua kuipiga kimya: ampia ishirini mara volti kumi na mbili za betri ni wati mia mbili na arobaini, na hapo joto halijachukua chake. Kifaa hakiwezi kutoa mlangoni zaidi ya kile kilichoingia dirishani. Nikamuuliza mwenye duka hizo wati nyingine zote zinatoka wapi.

Ukamjibia wewe. "Kwa mdomo."

Toka siku ile tulikuwa na jina la mambo mengi. Mgombea akihutubia uwanjani na kuahidi mabomba, ulikuwa ukininong'oneza, "Wati za mdomo." Mjomba wangu aliyekuwa ananitafutia kazi kila Jumatatu, wati za mdomo. Sijui wapendanao wengine huanza na nini. Sisi tulianza kwa kukubaliana kwamba tunadanganywa, na sijaona bado msingi ulio imara kuliko huo, wala ulio hatari zaidi.

Amplifaya tuliyoichagua ilikuwa nzito, mbaya kwa sura, na karatasi yake iliahidi kidogo. Uliinyanyua moja kwa mkono huu na nyingine kwa ule, kama mtu anayepima watoto wa mbuzi, ukasema, "Hii ina chuma ndani. Ile ina upepo." Nilikubishia kwamba uzito si ushahidi, muuzaji mwerevu anaweza kutia jiwe. Ulitoa bisibisi mfukoni, ukaifungua pale pale huku mwenye duka akimwita Mungu wake. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na koili nene za shaba na mapezi ya alumini ya kutolea joto. Nilitamani kuona jiwe. Lingekuwa hoja nzuri sana.

Kisha tukagombana juu ya spika za besi. Wewe ulitaka zile mbili za omu nne nne, omu kikiwa kipimo cha spika kuukinza umeme, zifungwe kwa kufuatana, jumla iwe omu nane, amplifaya ifanye kazi bila kutoka jasho. Mimi nilitaka mbili za omu nane, zifungwe sambamba, amplifaya izione kama omu nne, kiwango cha mwisho ambacho mtengenezaji aliruhusu. Wewe ulitaka amplifaya iishi, mimi nilitaka isikike. Ulisema nimesoma vitabu vya watu wenye barabara baridi, nami nikasema kijitabu cha mtengenezaji hakina tabia ya nchi. Nilishinda, na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, iandikwe wazi kwamba amplifaya ile haikuungua mwaka ule wala uliofuata.

Kazi ya kufunga nyaya tuliifanya katika ua wa shangazi yako, mchana kweupe, shangazi mwenyewe akiwa amewekwa juu ya kigoda atulinde. Alikuwa akichambua mchele na kutusikiliza kwa masikio yote mawili. Amplifaya ilikuwa na njia nne za sauti. Mbili tulizipeleka kwa spika ndogo za milangoni. Mbili zilizobaki zilitakiwa kuunganishwa ziwe njia moja yenye nguvu kwa ajili ya besi: unachukua chanya ya hii na hasi ya ile, na spika zinakaa katikati yao. Mafundi uliosoma nao kule Meru walikuwa na neno lao la kazi hiyo. Mliiita kuoza.

"Basi hawa wawili tuwaoze leo," ulisema, umelala chali nyuma ya kiti, miguu nje.

Mchele ukamwagika. "Nani anaozwa leo?" shangazi akauliza.

"Hakuna, shangazi. Ni njia mbili tu."

"Njia mbili ni nani na nani? Mnaita mmoja plasi, mwingine minasi, mnafikiri mimi sijui mafumbo? Mimi pia nilikuwa msichana!"

"Shangazi, ni umeme."

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa. Nilisikia umeambia huyu ukiwaoza usiwape mzigo mzito, wataungua. Ndoa gani hiyo haina mzigo?"

Ulicheka mpaka ukagonga kichwa kwenye bati. Nilikuona ukicheka hivyo mara ile tu. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kuwa kuna maharusi wawili wa siri wanaofichwa ndani ya pikapu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka uvumi uwe kweli. Wiki ile ile nilimwambia baba atafute wazee.

Sasa nifike kwenye waya wenyewe, na hapa naomba msomaji anayekusomea apunguze mwendo. Umeme wa betri huja kwa waya mwekundu na hurudi kupitia bati la gari lenyewe; waya mfupi mweusi unaoifunga amplifaya kwenye bati hilo ndio mafundi wetu huuita waya wa bodi. Watu huudharau kwa sababu hauna fyuzi wala rangi ya kutisha. Ukiufunga juu ya rangi au kutu, umeme hurudi kwa shida, unatafuta njia za pembeni, unapita hata katika waya wa sauti, na kelele ya alteneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, huingia humo. Kelele hiyo haina besi. Hutokea katika spika ndogo za milangoni kama mluzi mwembamba, na injini ikiongeza mbio, mluzi nao unapanda.

Haya yote tuliyajua. Ndiyo maana mimi mwenyewe, kwa mkono huu, niliikwangua rangi nyuma ya kiti mpaka bati likang'aa, nikatoboa, nikatia bolti mpya. Uliangalia kazi yangu ukasema, "Kwa profesa, si mbaya." Tukawasha injini. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho na wewe umetia sikio kwenye spika ya mlango. Hukusikia kitu, nami sikusikia kitu. Jambo moja tu halikutupendeza: redio ya kaseti ilikuwa kuukuu, haikuwa na waya wa kuiamsha amplifaya, kwa hiyo waya wa kuamshia wa amplifaya yenyewe tuliuunga kwenye swichi ya kuwashia gari. Maana yake, injini ikiwa inanguruma, amplifaya ilikuwa macho, hata kama hakuna kaseti, hata kama gari limebeba wazee wanaosoma dua.

Pikapu ililala katika ua wa shangazi yako usiku wa kuamkia siku ya posa, ili ioshwe. Asubuhi niliikuta safi. Mposaji hatakiwi kuonekana siku ile, lakini hakuna mwingine aliyeielewa gia ya pili ya gari lile, basi nikashika usukani, nimejifunga kilemba cha baba ili nifanane na dereva. Ndani walikuwa baba, Mzee Jillo jirani yetu ambaye ni Mborana kama ninyi, na wazee wawili wa msikiti. Sukari, majani ya chai na buni za kahawa za kwenda kukaangwa kwa samli posa ikipokewa zilikuwa mapajani mwao. Kutoka kwa shangazi hadi kwenu ni kona chache tu. Nilisikia kitu chembamba njiani, nikadhani ni upepo unaopita kwenye kioo.

Mlangoni kwa baba yako gurudumu la nyuma likazama mchangani. Nikakanyaga mafuta. Gari likapiga mluzi.

Nikakanyaga zaidi, kwa maana gari lililokwama haliondoki kwa adabu, na mluzi ukapanda, mrefu, mwembamba, wa kuita, kama wa kijana aliyeegemea ukuta akimwona msichana anapita. Baba yako alitoka kabla sijazima injini.

"Nani hiyo anapiga mluzi kwa boma yangu?"

"Salaam aleikum, Mzee," Mzee Jillo akasema. "Ni gari."

"Aleikum salaam. Gari ina midomo?"

"Ni mashine ya muziki, Mzee. Vijana wamefunga."

"Muziki gani hauna ngoma? Mimi nimechunga ngamia tangu sijatoka meno ya pili. Mluzi tunapigia ngamia kisimani, ndiyo ikunywe. Sasa hapa nani amekuja kunywa?"

Ukweli ni kwamba swali lile halikuwa na jibu ambalo mzee mwenye kanzu safi angeweza kulitoa. Baba yako aliwakaribisha chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni, lakini buni hazikuguswa. Zilirudi mbichi katika mfuko wake, na sukari juu yake. Wakati wa kurudi tulikuwa tunasukuma pikapu kwa mikono, injini imezimwa, watoto wa jirani wakitupigia miluzi.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata kilemba. Nililala nyuma ya kiti nikatazama. Bolti yangu ilikuwa mahali pake, inang'aa, haina kitu. Waya ulikuwa umehamishiwa kwenye bolti ya zamani ya kiti, yenye rangi ya maziwa juu na kutu chini. Umekazwa kwa spana, si kwa koleo. Nyuzi za shaba zimesokotwa kuelekea upande wa kukazia, ili bolti ikizunguka isizitawanye. Juu yake utepe mweusi wa umeme, na ncha ya utepe ule ilikuwa imekunjwa kidogo, kama pembe ya ukurasa iliyokunjwa.

Nilikufahamu kwa ncha ile, Talaso. Sikuwahi kuona mtu mwingine akikunja ncha ya utepe.

Nimejitetea dhidi ya ushahidi huu kama wakili anayelipwa. Shangazi? Hajui spana ni ya kuliwa au ya kuvaliwa. Baba yangu? Alikuwa Kipsing kununua ngozi, akafika asubuhi. Mwenye duka, kwa hasira ya kufunguliwa amplifaya yake mbele ya wateja? Nilimfikiria kwa mwezi mzima, na hata leo simsalimu kwa moyo wote. Lakini mwenye duka angeukata waya. Asingeukaza kwa uangalifu ule. Aliyeuhamisha alitaka amplifaya ifanye kazi, na alitaka ipige mluzi. Kuna watu wangapi Isiolo wanaojua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa pamoja?

Nikaja kukuuliza. Tulisimama nje ya ua, shangazi akikohoa ndani ili tujue kwamba yupo. Sikukusalimu vizuri. Nilisema, "Ni wewe?"

Ulijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Unashuku karatasi ya amplifaya, unashuku uzito wake, unashuku muuzaji," ukasema. "Nilijua zamu yangu itafika."

"Hujajibu."

"Haya, nenda sasa. Njia ya kuja unaijua."

Nilikwenda. Wiki chache baadaye nikasikia umepata kazi ya visima. Mzee Jillo alinipitia mara mbili, akanywa chai, akasema, "Tutarudi," nami nikamwambia kwamba mimi sibishi hodi mahali niliporudishwa na sukari yangu. Nilidhani ananifariji. Katika miaka hii miwili nimefundisha, nimesoma vitabu vingi zaidi, nimebishana na walimu wenzangu mpaka wakahamisha viti, na kila nikiona gari la harusi likipita natega sikio kwa spika za milangoni kabla ya kutazama bibi harusi. Nadharia yangu ilikuwa nyepesi na ngumu kama jiwe: hukunitaka, hukuweza kusema, ukauachia waya useme.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la mifugo. Lori moja lilikataa kuwasha taa, na mzee mmoja alikuwa ameinamia boneti akiunga waya. Alizungusha utepe mweusi mara tatu, akaukata kwa meno, kisha akaikunja ncha yake kidogo. Nikamsogelea. Mzee akainuka. Alikuwa baba yako, ambaye nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kununua ng'ombe wake mwenyewe aliendesha malori ya ng'ombe wa watu.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam. Ah! Kijana ya mluzi."

Watu wakacheka. Nikavumilia. "Mzee, hiyo kukunja ncha ya utepe umejifunza wapi?"

"Kwa kucha. Usipokunja, siku ya kufungua unakwaruza mpaka kucha inang'oka. Watoto yangu wote nimefundisha."

"Basi ni wewe uliyehamisha waya wangu."

"Waya gani?" Alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo sijui kama yalikuwa safi au yalikuwa yanacheza. "Mimi nilisikia mluzi tu."

"Ukaturudisha kwa sababu yake."

"Kijana, nyinyi mlikuwa mnarudi hiyo siku hata kama gari ingekuja kama paka. Ningesema mbuzi amekohoa. Kwani kwa nyumba yetu msichana anatolewa siku ya kwanza, kama maji ya kuosha sufuria? Mnarudishwa, mnarudi. Mara ya pili ningewaambia mwezi huu si mzuri. Mara ya tatu tungekaanga buni, tukae, tuongee. Niliwangoja mpaka sukari ya wageni ikaingia sisimizi."

"Hakuna aliyeniambia!"

"Jillo hakukuambia?"

"Alisema tutarudi."

"Sasa hiyo ni Kiarabu?"

Nilibishana, kama unavyonijua. Nilisema kwamba baba yangu ni Mmeru aliyesilimu kabla sijazaliwa, kwamba desturi isiyotamkwa haiwezi kumfunga mtu asiyezaliwa ndani yake, na kwamba sheria hutangazwa kwanza. Hoja hizo bado nazishikilia. Kisha nikamuuliza kwa nini basi wewe hukuniambia. Hapo ndipo alipoacha kucheka.

"Msichana haambii mwanaume rudi. Hiyo ni kujiuza. Na hiyo ingine ya waya, uliza yeye. Binti bado yuko, hajaolewa. Anapenda visima kuliko watu."

Nimekuwa nikilizungusha neno lako la mwisho tangu siku hiyo. Ulisema njia ya kuja. Mtu anayefukuza husema njia ya kwenda. Mimi ninayejigamba kwa kupima maneno ya watu wazima waliochapisha vitabu, neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa hasira na kulihifadhi kwa hasira.

Basi, baada ya ile ya kwamba hukunitaka na ile ya kwamba ni baba yako aliyetukataa, nina nadharia ya tatu, na nitaiweka hapa uichunguze kama ulivyochunguza amplifaya. Baba yako alihitaji kisingizio siku ile; vilikuwepo vizito karibu na mkono wake. Angeweza kusema baba yangu ametoka mlimani, kwa Wameru. Angeweza kuuliza ukoo wangu, nao haupo katika hesabu yenu. Maneno kama hayo yakishatamkwa mbele ya wazee hayarudi tumboni, na posa ya pili ingelazimika kuyapita kama lori linavyopita jiwe. Lakini mluzi wa gari! Mluzi unasameheka kwa kicheko. Kama ni wewe uliyeuhamisha waya, huenda ulimpa baba yako kitu chepesi cha kutushikia, ili kizito kisiguswe. Na kama ni yeye, aliyetufungulia mlango wa kurudi hata kabla ya kutufungia, basi ninyi wawili mmekunja ncha ileile kwa ajili yangu, nami niliikwaruza miaka miwili.

Nadharia hii ina kasoro moja: inanipendeza mno. Kitu kinachonipendeza hivi hukitilia shaka mara mbili. Nimeigeuza, nimetafuta fyuzi yake, nimetafuta jiwe ndani. Sijapata. Hilo halina maana kwamba halimo.

Nilimwomba baba yako ruhusa ya kuandika. Alisema, "Andika, lakini jina langu usiweke. Sitaki kuitwa Mzee Mluzi sokoni." Sijaliweka. Mwezi ukiandama, Mzee Jillo na baba yangu watakwenda tena kwenu. Watakwenda kwa miguu.

Nilidhani ningekuomba jibu kuhusu waya. Nimegundua, nikiandika, kwamba siwezi kukuomba jibu lolote. Ukinikataa, sema, kwa kinywa chako au kwa yeyote aliye karibu na kisima. Nitaliamini neno lako hilo moja bila kulifungua kwa bisibisi. Ukinikubali, nimeshaambiwa kwamba huruhusiwi kusema kitu. Kwa hiyo mwezi huu wote sitasikia sauti yako, wala sitajua kama ni jibu au kama barua haijafika, na mimi, ambaye sijawahi kuamini kitu kisichojieleza, nitavaa viatu niwasindikize wazee hadi kona ya kwanza.

Fanya kazi salama huko juani, Talaso, na maji yatoke.

Ni mimi,
Mposaji wako, wa mara ya pili.